Mabaharia wa Kwedizinga

Sisi tuliosoma wakati daftari moja linakatwa katikati kwa kisu ili ndugu wawili wapate kila mmoja lake, sisi tuliokwenda shule na fagio mkono huu na kidumu cha maji mkono ule, tukikutana siku hizi hatukawii kuanza. Mmoja atataja uji wa shule, uliokuwa na wadudu tukawaita nyama. Mwingine atataja rede na kombolela, na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya katani, ambao ukikupiga usoni unakwenda nyumbani na alama mpaka mama anauliza nani amekuchapa. Mimi nikipewa nafasi nasema kwamba nililala merikebuni. Wanangu hucheka, wanadhani mama amechanganya maisha yake na filamu. Basi nitaeleza yote, na uongo wangu humo humo.

Nilikuwa darasa la sita, Kwedizinga, Handeni. Wanaoijua Handeni ya enzi zile wanajua kwamba shida yetu ilikuwa moja tu, maji. Tuliamka jogoo wa kwanza kwenda kupanga madumu lamboni, na huko tulikuta madumu ya watu wengine yamelala foleni tangu jana, wenyewe hawapo. Mama yangu alikuwa na sheria zake. Maji ya kunawa uso ndiyo hayo hayo ya kunawa miguu, ya miguu yanasubiri kufulia kitambaa cha jikoni, na ya kitambaa yanakwenda kwenye mpapai. Ukimwaga maji ovyo alikuambia, "Zaituni, maji hayamwagwi. Maji yanaagwa." Mpapai wetu ulikuwa mtamu sana, na mpaka leo sitaki kufikiria kwa nini.

Siku moja mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Mhina, aliingia darasani na barua. Merikebu ya zamani, ya milingoti mitatu na matanga, ambayo wenyewe walikuwa wameigeuza shule inayoelea, ingetia nanga Tanga kwa siku chache. Watoto wa shule walialikwa kukaa humo kuanzia mchana hadi mchana wa pili na kuishi kama walivyoishi mabaharia wa kale: hakuna tochi, hakuna saa ya mkononi, hakuna soda. Kila safari ingechukua shule mbili, watoto ishirini ishirini. Tungekwenda sisi na shule moja ya Dindira, kule juu milimani Korogwe, kwa Washambaa.

Darasa lilipiga kelele. Sisi tulikuwa Wazigua, na Mzigua na Mshambaa ni watani, wakikutana hata msibani lazima mmoja amchokoze mwenzake. Kulala nao chombo kimoja ilikuwa kama sikukuu.

Ili kupata ishirini hao, Mwalimu Mhina alitupa insha: "Siku Niliyoiona Bahari." Tatizo ni kwamba katika darasa zima hakuna aliyewahi kuiona. Wenzangu wakaandika kweli, kwamba hawajaiona bahari, wakaishia hapo wakatoka kucheza. Mimi niliandika kurasa nne. Nilimzulia mjomba baharia wa Tanga. Nilizua wimbi lenye urefu wa jengo la shule. Mwishoni mjomba akashikwa na mafua, ikabidi mimi mwenyewe nishike usukani mpaka nchi kavu.

Mwalimu Mhina aliisoma insha ile mstarini, akaisoma tena kwenye kikao cha wazazi. Mama yangu alikaa akinitazama, kwa sababu kaka zake wote alikuwa akiwajua, na hakuna aliyewahi kuvuka Segera. Lakini hakunisema. Nikawa wa kwanza, nikafungwa kitambaa chekundu mkononi, kiongozi wa msafara.

Mtu mwingine aliyejua ni rafiki yangu Naserian, binti wa wafugaji waliokuwa wamehamia upande wa Mazingara. Naserian alikuwa mtoto wa maneno machache.

"Mimi sitasema," aliniambia. "Lakini bahari itasema."

Tulisafiri kwa lori, tumesimama, tunaimba. Tulipita mashamba ya katani mpaka macho yakachoka na ile mistari yake, harufu ya katani imeingia puani na haitoki. Tulipofika Tanga na kuiona bahari, nyimbo zilikatika zenyewe. Watoto wa lambo tulikuwa tumesimama mbele ya maji yasiyo na mwisho na hakuna foleni. Kijana mmoja mdogo wa darasa letu aliuliza kwa unyenyekevu, "Mwalimu, haya ni ya nani?"

Merikebu ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, nyeusi, milingoti yake imesimama kama minazi iliyokatwa vichwa, na kamba nyingi kuliko kazi zote za kamba nilizozijua. Tukachukuliwa kwa boti, tumebanana. Boti ilipanda, ikashuka. Ikapanda tena. Ilipokuwa inashuka mara ya tatu, mimi niliyeshika usukani wakati mjomba ana mafua niliinama nje nikatapika chai yote ya asubuhi na mihogo yake. Naserian alinishika gauni kwa nyuma nisidondoke.

Juu ya sitaha walikuwa wamekwishatangulia Washambaa wa Dindira, ishirini, wote na masweta ya sufu. Jua la Tanga la saa sita, nao na masweta. Kwao asubuhi ni ukungu na baridi ya mashamba ya chai, na mama zao waliwaambia wasivue sweta safarini, basi hawakuvua. Kiongozi wao alikuwa msichana mrefu, Ester, na jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni kama mtu aliyenyeshewa.

Aliyetupokea ni mzee wa Pangani aitwaye Mzee Kombo, ambaye nahodha, mzungu wa ndevu nyekundu, alikuwa amemwajiri awe serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia. Tulimwamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo, mzee," naye akaitika mara moja kwa wote arobaini. Alikuwa amevaa suruali iliyokatwa magotini na kilemba cha mistari, kama mabaharia wa kale.

"Nani hapa amewahi kupanda chombo?" aliuliza.

Mwalimu Mhina alinisukuma mbele kwa fahari. "Huyu hapa. Ameshika hata usukani."

"Vizuri sana. Basi binti, waonyeshe wenzako omo iko wapi na tezi iko wapi."

Leo najua omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma. Siku ile sikujua kama ni vitu au ni watu. Nikatazama huku na huku, nikachagua kibanda kidogo cha mbao kilichokuwa pembeni, nikakinyooshea kidole kwa uhakika wote. "Omo ni ile."

Mzee Kombo alikitazama kibanda, akanitazama mimi. "Kile ni choo," alisema kwa upole.

Ester ndiye aliyeanza kucheka. "Watani wametuletea kiongozi anayesalimia choo," alisema, na Dindira nzima ikaanguka juu ya sitaha na masweta yake.

Mwalimu Mhina aliniita kando, penye mafungu ya kamba. Alikuwa mwalimu anayeogopwa, lakini hakupandisha sauti. "Zaituni, yule mjomba yupo?"

"Hayupo, mwalimu."

"Na lile wimbi?"

"Halikuwepo, mwalimu."

Alikaa juu ya kamba. Baadaye sana nilielewa kwamba naye ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona bahari, na kwamba aliiamini insha ile kuliko wote. "Nimeisoma kwa wazazi," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akatazama kitambaa changu. "Uongozi nitakuvua tukifika nyumbani. Sasa hivi siwezi kubadilisha kiongozi mbele ya Washambaa. Nenda kafanye kazi."

Kazi zilikuwepo. Tulisugua sitaha kwa mchanga na maji ya bahari, tumepiga magoti, huku nahodha akipita na kusema neno pekee la Kiswahili alilolijua, "Bado." Tulifundishwa kufunga fundo, na hapo Kwedizinga tulishinda, maana mtoto aliyefunga mbuzi tangu ana miaka mitano hafundishwi fundo. Chakula kilikuwa biskuti ngumu za mabaharia, ambazo mwenzetu mmoja aling'ata moja, jino lake la mbele likabaki humo, na samaki mkavu. Kwa akina Naserian samaki hawaliwi. Alimtazama samaki, samaki akamtazama yeye, akampa mtani wa Dindira kwa kubadilishana na biskuti.

Lakini jambo kubwa lilikuwa maji ya kunywa. Mzee Kombo alitoa mapipa mawili madogo ya mbao, moja kwa kila shule, yenye maji matamu.

"Zamani baharia hafi kwa kukosa maji ya bahari," alisema. "Hufa kwa kukosa haya. Mtakunywa humu, mtapika uji humu, mpaka kesho saa sita. Kesho asubuhi merikebu itatoka kidogo ghubani, na shule ambayo pipa lake litakuwa bado na maji ndiyo itakayovuta tanga kubwa. Nyingine itatazama."

Tulilitazama tanga lile, limekunjwa juu ya mlingoti, pana kuliko paa la kanisa. Kila mtoto pale alilitaka. Mimi nililitaka zaidi, kwa sababu nilikuwa na siku moja tu ya uongozi iliyobaki.

Dindira kwao maji yanashuka mlimani mchana na usiku, yanapita mlangoni, yanapiga kelele mpaka watu hawalali. Mshambaa akiona maji ananawa. Basi walinawa uso kwa sababu ya joto, wakanawa miguu kwa sababu ya mchanga, wakasukutua vinywa kwa sababu ya samaki, na kila mmoja akanywa akatosheka. Sisi tulikaa pembeni tunawatazama kama watu wanaoona nyumba inaungua. Kabla jua halijazama, pipa lao lilikuwa linatoa mlio wa ngoma.

Hapo ndipo mzaha ulipungua. Ester alikwenda kwa Mzee Kombo, akajibiwa kwamba baharia wa kale aliyemaliza yake huomba kwa wenzake au hulala na kiu. (Miaka mingi baadaye Mwalimu Mhina alinichekea akaniambia kulikuwa na madumu kumi ya maji chini, na walimu wote walijua. Sisi hatukujua.) Samaki yule alikuwa na chumvi. Binti mmoja mdogo wa Dindira alikaa ameegemea ukingo, sweta bado mwilini, ameshika kichwa, midomo imekauka, analia bila sauti.

Ester akaja kwetu. Alisimama mbele yangu, na niliona jinsi ilivyomgharimu.

"Mtani," alisema, "tunaomba maji. Si mimi. Yule mdogo."

Wenzangu wakaanza. Mmoja akamwambia akaombe chooni, si ndiyo omo. Mwingine akasema Washambaa wanywe ukungu wao. Na kusema kweli, mimi nilikuwa nikiyafurahia. Nilimwacha Ester asimame pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nikitoa maji tanga limekwenda, na yeye ndiye aliyenicheka mbele ya watu wote.

Naserian akaniambia kwa sauti ndogo, "Kwetu mtu akija kisimani hatuulizi ng'ombe ni wa nani."

Alisema hivyo tu, akaendelea kutafuna biskuti.

Nikanyanyuka. Nilichukua kata, nikampa yule mdogo maji, kidogo kidogo, kama mama alivyokuwa akinipa mimi nikiwa na homa. Nikamvua sweta, akaonekana kuwa mwembamba hivi. Kisha nikasimama juu ya fungu la kamba nikawaambia wote arobaini:

"Nimedanganya. Mimi bahari sijawahi kuiona kabla ya leo, na mjomba sina. Lakini kukosa maji nakujua kuliko mtu yeyote humu. Tunachanganya pipa moja, na kata naishika mimi. Atakayeigusa bila mimi, nitamtupa baharini."

Kwedizinga waliguna. Mmoja wetu alilia kabisa kwa ajili ya tanga. Lakini Ester aliniambia, "Sema sheria," nikazisema, sheria za mama yangu zote, bila mpapai. Masweta yavuliwe. Hakuna kunawa kwa maji matamu, bahari ile pale. Mtu anakunywa amekaa, anameza polepole, na anayepewa kata haongei. Washambaa ishirini wakakaa mstari wakanywa mafunda mawili mawili kwa adabu kama wanapokea komunyo. Mzee Kombo alikuwa amesimama gizani anatazama, akamwambia Mwalimu Mhina neno ambalo sikulisikia.

Tulilala kwenye bembea za turubai zilizoning'inia chini ya sitaha, safu kwa safu, kama mahindi ya mbegu juu ya jiko. Ukigeuka unamgonga jirani, naye anamgonga wa pili, hodi inafika mpaka ukutani na kurudi. Bembea ya Ester ilikuwa kando ya yangu. Alinisimulia kuhusu baridi ya Dindira, na jinsi bibi yake anavyokunywa chai ya moto mpaka jasho linatoka ndipo anasema sasa kumekucha. Nikamwambia kuhusu lambo. Hakuniamini kwamba watu hulaza madumu foleni. Nililala katikati ya maelezo, na hakuna usingizi nilioupata tena kama ule.

Asubuhi tukapika uji, na uji ukatumaliza. Watu arobaini, pipa moja. Saa nne nililiinamisha pipa, likatoa tone moja, likasita. Nahodha akaja, akachungulia ndani, akasema, "Bado?" Hakuna aliyecheka.

Mzee Kombo akakuna kilemba. "Basi kwa sheria hakuna aliyeshinda," alisema. "Lakini hili tanga mimi siwezi kulivuta peke yangu, mgongo wangu mbovu. Njooni nyote."

Tuliishika kamba ile, Mzigua, Mshambaa, Mzigua, Mshambaa, na Naserian mbele kabisa amejifunga shuka kiunoni. Mzee Kombo akaimba, tukaitikia, tukavuta. Tanga likapanda nusu, likakwama, likakaa upande kama kanga iliyofungwa na mlevi, na mabaharia wa kweli wakaja kutusaidia. Kisha upepo ukaingia. Sikuwa nimejua kwamba kitu kikubwa namna ile kinaweza kuondoka bila mlio. Hakuna injini, hakuna moshi, tunakwenda tu. Niligeuka nikamwona Mwalimu Mhina ameshika ukingo kwa mikono miwili, mdomo wazi, amekuwa mtoto kuliko sisi.

Tulipofika nyumbani hakunivua kitambaa. Aliniambia niandike insha upya, ya kweli. Niliandika kwa moyo wote, akanipa alama chache kuliko za ile ya uongo. Nilipomuuliza, alisema ile ya kwanza ilikuwa na mpangilio mzuri zaidi.

Sasa nakaa Korogwe mjini, maji yako bombani, siku nyingine yanatoka. Mwanangu wa mwisho alikwenda safari ya shule Tanga mwaka huu, kwa basi lenye televisheni na viti vya kulala. Kabla hajafika Muheza nilikuwa nimekwishapokea picha thelathini. Walipofika nikamwona yeye na bahari, yeye na chipsi, yeye na rafiki zake wametoa ndimi nje, bahari iko nyuma huko kama pazia. Aliporudi nilikuwa nimemsubiri na chakula, nikamwambia, "Haya, nieleze."

Akasema, "Mama, si nimekutumia?"

Akaingia chumbani na simu yake. Simlaumu, alikuwa amekwishatuma.

Siku niliyorudi mimi, lori lilitushusha njia panda na kijiji kilikuwa kimetusubiri tangu mchana. Mama alinikalisha kwenye kigoda jikoni, akasogeza kuni, akasema nianze tulipoondoka na nisiruke kitu. Nilieleza mpaka ugali ukapoa. Aliuliza maji yale yana rangi gani yakiwa mbali, na gani yakiwa karibu. Aliuliza kama merikebu inanuka. Aliuliza yule mtoto wa Dindira anaitwa nani, na kama alipona kichwa. Majirani waliingia mmoja mmoja wakakaa kwenye magunia, na nilipochoka kurudia, mama akaendelea badala yangu, hajakosea hata jina.

Mama alifariki hajawahi kuiona bahari. Tulimpangia safari mara mbili, mara zote kukawa na kazi shambani. Lakini siku ya msiba wake wanawake wa Kwedizinga waliniambia kwamba kwa miaka yote ile, mvua ikiwazuia ndani, walikuwa wakimwomba Mama Zaituni awaelezee merikebu. Wakanisimulia nami nikisikiliza. Ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa kweli.